Ukurasa wa Tarehe Kumi na Tisa

Mikumi, 6 Agosti 2023

Shangazi Raheli,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila Yudith miguu inamvimba, na mkunga wa zahanati anasema ni mimba tu, apunguze chumvi. Mtoto tunamtarajia kabla ya Krismasi. Banda la matairi linakwenda. Malori hayachoki kupasua matairi hapa barabara kuu, na mimi sichoki kuyaziba. Tangu tumzike baba nyumba imekuwa kimya mno. Hata kile kikohozi chake nakitamani.

Kazi yake ya kitabu sasa imeniangukia mimi. Nimekikuta kwenye sanduku la bati, chini ya suti yake ya harusi. Miaka yote nilikiona mikononi mwake tu, sikuwahi kukifungua. Kumbe babu Lukasi alifanya kazi kubwa hivi? Kila siku na ukurasa wake wa Mababa wa Kanisa, wale maaskofu wa karne za kwanza na watawa wa jangwani, amewatoa kwenye Kiingereza cha wamisionari na kuwatia kwenye Kiswahili chake kwa kalamu ya wino. Baba aliniagiza akiwa kitandani hospitalini: Januari mpaka Juni iko kwa shangazi yako Kidete, Julai mpaka Desemba iko kwetu, na kila mmoja anamnakilia mwenzake kwa mkono, ili asubuhi moja tusome ukurasa mmoja. "Usipige picha na simu," akasema, "nakili." Julai ilimezwa na msiba, lakini Agosti yote nimeinakili, vidole vimepinda. Utanisamehe mwandiko, mimi ni mtu wa matairi.

Lipo jambo moja nauliza. Pembeni mwa baadhi ya kurasa babu ameandika jina la mtu. Tarehe 8 Agosti ameandika Naomi, na bibi Naomi alifariki siku hiyo. Tarehe 2 Oktoba ameandika Kasian, mdogo wake, na baba alikuwa akimkumbuka siku hiyo hiyo. Nikaelewa kuwa ni siku za marehemu wetu. Nikaendelea kufunua mpaka tarehe 19 Desemba. Hapo ameandika Abeli.

Shangazi, ni mwandiko wake, nimeulinganisha. Na Abeli katika ukoo huu ni mimi peke yangu. Baba alinifundisha tangu utoto kuwa sikurithi jina la mtu, lilitoka kwenye Biblia tu. Nakumbuka pia watu wakisema babu aliijua siku ya kifo cha bibi kabla haijafika. Nieleze kidogo, maana tangu juzi chakula hakishuki.

Mwanao,
Abeli

Kidete, 29 Agosti 2023

Mwanangu Abeli,

Marahaba. Mwambie Yudith alale ameinua miguu juu ya mto, chumvi isibebeshwe lawama zote. Huku mahindi tumevuna, si mengi. Ng'ombe wa wafugaji walipita shambani kwa jirani yangu Rebeka wakamwachia mabua, na kesi iko kwa mtendaji, nayo itakaa huko mpaka ng'ombe wafe kwa uzee. Mto Mkondoa umekauka, watu wanavuka bila kukunja nguo. Mimi mzima, isipokuwa sikio la kushoto limekufa kabisa, na la kulia kwenye simu linasikia nyuki tu. Kwa hiyo usinipigie. Andika.

Kurasa zako zimefika. Donati wa bodaboda amezileta zikinuka petroli. Mwandiko si mbaya, unasomeka kuliko wa marehemu kaka yangu. Ila tarehe 14 umeruka mstari mzima, nimeona wazo limekatika. Mababa hawarukwi, mwanangu. Nakala ya Septemba iwahi.

Hayo majina ya pembeni usiyafuate. Babu yako alikuwa mtu wa kuandikaandika, hata kwenye milango ya ghala aliandika. Kula chakula.

Shangazi yako,
Raheli

Mikumi, 24 Septemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Yudith anakusalimu, miguu imepungua kidogo baada ya mto wako. Bei ya mchele imepanda, maji ya bomba yanakuja kwa zamu, na tembo wameingia tena kwenye migomba ya watu upande wa juu.

Nilikuuliza kuhusu jina langu, ukanijibu habari za ng'ombe. Sikulaumu. Lakini sikiliza kilichonipata Jumanne. Nilikuwa najaza upepo tairi la lori, na ile pete ya chuma inayolishika tairi ikachomoka. Ilipita hapa, kando ya sikio, ikatoboa bati la banda na kwenda zake. Dereva alikaa chini kwenye vumbi. Mimi nilisema neno moja tu: bado. Nilijishangaa mwenyewe. Nilimaanisha Desemba bado.

Tangu hapo nasoma Mababa kama mtu anayetafuta dawa. Kuna yule mtawa anayesema hofu ya kifo ni mbwa wa mlangoni, humbwekea mgeni na kumlalia mwenyeji miguuni. Basi mimi ni mgeni, maana ananibwekea kutwa. Asubuhi moja Yudith aliniita mara tatu, maziwa yanachemka yanamwagika jikoni na yeye hawezi kuinama. Sikuitika. Si unaijua sheria ya babu tuliyokua nayo, somo likianza halikatwi, hakuna kuinuka wala kuitika mpaka Amina. Yudith amenuna siku mbili, anasema nitamwua kwa uchaji wangu.

Nijibu, shangazi. Hata kama ni baya.

Abeli

Kidete, 15 Oktoba 2023

Mwanangu,

Marahaba. Redio inasema mvua za mwaka huu zitakuwa kubwa kupita kiasi, na watu wa mabondeni wameanza kupandisha magunia darini. Nimehamisha mbuzi. Nyumba yangu iko juu, usiwe na wasiwasi.

Yudith akikuita, itika. Hata kama uko katikati ya neno. Umesikia?

Hilo la tairi limenitia baridi. Nimekuombea kwa jina lako, na si rahisi kwangu kulitamka jina lako katika maombi. Usiniulize sababu.

Kuhusu Desemba, fanya hivi: nakili mpaka tarehe 18, kisha uanze tarehe 20. Ndivyo baba yako alivyofanya miaka yote. Ile ya 19 iache ilipo, usiisome, usiiguse. Siku ile mimi huwa siwashi hata moto.

Shangazi yako,
Raheli

Mikumi, 5 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Salamu ni fupi leo, nisamehe.

Babu alinitisha kwa neno moja. Wewe umenitisha kwa barua nzima. Siku gani hiyo ambayo huwashi moto? Kwa nini baba alikuficha ukurasa huo? Na kwa nini jina langu linakushinda? Nimewaza kila namna, na kila namna inaishia pale pale, kwamba nyote mlijua, mkanilea mkijua.

Kazi ya malori nimeiacha, naziba baiskeli na pikipiki tu. Barabara siivuki mpaka iwe tupu pande zote mbili, wenzangu wa kijiweni wananiita mwali. Nimeandika wosia, nimeukabidhi kwa mchungaji. Nimemwambia Yudith akijifungua wa kiume asimpe jina langu. Alilia, kisha akauliza kwa nini, nikamweleza. Sikupaswa kumweleza. Presha yake ilipanda, mkunga akanifokea mbele ya watu kwamba mama mjamzito haambiwi mambo ya makaburi. Sasa anashtuka kila mlango ukigongwa.

Nakuomba kama mtoto wako. Niambie ninakufa au sifi.

Abeli

Mikumi, 25 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tatu. Donati ananiambia kwenye simu kuwa barua alikukabidhi mkononi, ukaisoma umesimama mlangoni, ukaingia ndani bila kumpa hata maji. Wewe, usiyemnyima mtu maji.

Zimebaki siku ishirini na nne. Wiki ijayo nampeleka Yudith kwa mama yake huko Zombo, na nikirudi nitakichoma kitabu. Nitaanza na huo ukurasa.

Abeli

Kidete, 30 Novemba 2023

Mwanangu Abeli,

Usichome. Marahaba, na usichome. Na Yudith usimtikise kwenye barabara ya Zombo kwa mvua hii na mimba yake.

Abeli alikuwa mwanangu. Nilimzaa mimi, alikuwa na miaka mitano, na wewe ulikuwa hujazaliwa. Huyo ndiye aliye pembeni mwa ukurasa.

Ilikuwa mwaka 1991. Babu yako alikwenda Munisagara kwa treni kuongoza ibada, akaniachia mimi somo la asubuhi. Hakuwahi kumpa mwanamke kitabu kile. Nilivaa kitenge kipya, nikakaa kwenye kiti chake, nyumba nzima ikakaa chini mbele yangu, na nilijisikia mkubwa, usiniulize mkubwa kiasi gani. Mkondoa ulikuwa umefura tangu siku iliyotangulia. Katikati ya somo mwanangu akaja mlangoni akasema, "Mama, njoo uone maji." Nikainua kidole kimoja kumwambia angoje. Akaita tena. Somo halikatwi, mimi ni binti wa Lukasi, sikuitika. Sikio langu la kushoto lilikuwa zima siku ile, nilimsikia vizuri kabisa. Akaenda kuyaona mwenyewe.

Nilikuwa nimefika mahali panaposema, "Anayesoma amefunga mlango wa nyumba yake, na ulimwengu umebaki nje." Hapo nikasikia kelele za wanawake mtoni. Walimpata siku ya pili kwenye nguzo za daraja la reli.

Babu yako aliporudi hakunilaumu kwa neno. Aliliandika jina. Matanga yalipokwisha akachukua wembe, akakipasua kitabu katikati, akashona nusu mbili kwa uzi wa viatu, na nusu yenye Desemba akampa baba yako aende nayo Mikumi. Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe. Baba yako Samson akaniomba jina, nikampa kwa sharti kwamba usiambiwe lilikotoka. Sikutaka mtoto akue akijihesabu kuwa amekalia kiti cha mwingine. Mume wangu alikuwa ameshaondoka, naye hakurudi.

Basi kifo chako hakimo kwenye kitabu. Kilichomo kilishapita, na kilikuwa changu. Nimekuacha ukiogopa miezi minne kwa sababu kalamu ilinishinda, na hilo nalo ni kosa lile lile, umeniita mara tatu sijaitika. Nisamehe. Msomee Yudith barua hii yote.

Sasa mimi nina ombi, ambalo baba yako hakulitimiza. Ukurasa ule sikuufikisha Amina. Miaka thelathini na miwili nimesimama kwenye huo mlango uliofungwa, sijui baada yake kunasemwa nini. Nakiogopa kilichofuata, na naogopa zaidi kufa bila kukijua. Ninakilie kilichobaki, kinifikie kabla ya tarehe 19.

Shangazi yako,
Raheli

Mikumi, 12 Desemba 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole. Pole ya miaka thelathini na miwili, sijui inatolewaje. Barua yako imefika jana, basi lilizuiwa na maji njiani siku tatu. Niliisoma bandani nikalia mbele ya wateja, na mwenye pikipiki moja akanikinga na macho ya watu kwa koti lake. Yudith nimemsomea. Akasema, "Maskini shangazi." Amelala mchana wote kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Mimi nilikuwa najiogopea mwenyewe, kumbe wewe ndiye uliyekuwa ndani ya moto.

Humu nimefunga Desemba iliyobaki. Ila ukurasa wa 19, shangazi, mchwa wameupata. Nusu ya chini wameila, hakisomeki kitu baada ya pale ulipoishia. Nisamehe. Labda ni mapenzi ya Mungu paishie pale.

Mwanao,
Abeli

Kidete, 17 Desemba 2023

Abeli,

Marahaba. Mvua haijakatika, Donati amesukuma pikipiki kuliko kuipanda.

Baba yako naye aliniambia mchwa, mwaka 1994. Nilimwamini nusu, sikuthubutu kuchunguza zaidi. Sasa nimekaa na kurasa zako. Babu yako aliandika karatasi pande zote mbili. Nyuma ya tarehe 19 iko tarehe 20, na ya tarehe 20 umeninakilia yote, mpaka Amina. Mchwa wa Mikumi wamesoma shule gani, hata wakala upande mmoja wa karatasi wakauacha wa pili?

Kwa hiyo ukurasa ni mzima, na kilichoandikwa ni kibaya. Nimelijua hilo sasa, nanyi wawili ndio mlionijulisha. Unadhani hivi hofu yangu imepungua?

Raheli

Mikumi, 28 Desemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Kwanza la furaha: Yudith amejifungua tarehe 22 asubuhi, mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya kuita ng'ombe. Mama hajambo. Tumempa Naomi.

Tarehe 19 sikufungua banda. Nilijua kwamba jina si langu, na bado nilikaa kitandani nimeshika godoro mpaka jua likazama. Yudith alinipikia uji kama mgonjwa. Kisha nikaona aibu, kwa sababu wewe ulikuwa peke yako siku hiyo hiyo bila moto, nami nilikuwa na karatasi yako sandukuni.

Nilikudanganya. Niliusoma ukurasa jioni ile barua yako ilipofika, na mikono ikakataa. Niliogopa kuuandika kuliko nilivyoogopa kufa. Niliona ni kama kukupiga kwa jiwe ambalo babu alilificha. Lakini juzi mtoto alilia, nikaruka kutoka mezani nikaacha kitabu, na nikajua sina haki ya kukificha. Nimenakili kama kilivyo, sijaruka mstari.

"Anayesoma amefunga mlango wa nyumba yake, na ulimwengu umebaki nje. Lakini akisikia mtoto akiita, na aufungue mlango, aende. Wala asingoje mwisho wa mstari. Kitabu kitamngoja, mtoto hangoji. Naye aliyetupa Neno alikuwa mtoto kabla hajawa mwalimu, naye aliita, na mama yake akaja. Amina."

Chini yake kuna maneno ya penseli, madogo, nilidhani ni uchafu mpaka nikayapeleka juani. Ni mwandiko wa babu: "Niliyatafsiri mimi. Niliyajua. Nikawafundisha vingine. Si kosa la Raheli."

Nisamehe kwa yote mawili, kwa kuficha na kwa kuleta.

Mwanao,
Abeli

Kidete, 21 Januari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mbusu Naomi. Huku mto umekula mashamba ya chini na reli imefungwa siku kadhaa, lakini watu wote wako salama. Barua yako ilinifikia tarehe 9. Niliiweka chini ya mtungi siku tatu, nikawa napita mbali na mtungi, nikanywa maji kwa Rebeka.

Siku ya nne nikaifungua. Sikuanguka, kama ulikuwa unaogopa hilo. Mstari mmoja, Abeli. Mstari mmoja tu mbele ningesoma mwenyewe kwa mdomo wangu, nikainuka. Nimeliwaza hilo mpaka kichwa kikauma, na nitaliwaza mpaka nife, nisikudanganye.

Kisha hasira ikanishika. Nilikwenda kwenye kaburi la baba yangu na mvua ile, mtu mzima mwenye fimbo, nikamwambia yote, kwa sauti, na Rebeka alinifuata nyuma akidhani nimerukwa na akili. Alijua. Aliandika kwa mkono wake, akatukalisha chini na kutufundisha kinyume. Na mimi nikakaa naye miaka saba baada ya hapo, nikimpikia, tukiwa wawili wenye siri moja, kila mtu na upande wake wa karatasi. Sasa nakumbuka kwamba baada ya msiba ule hakusoma tena kwa sauti mpaka alipofariki. Tulidhani ni macho.

Jina liache pembeni lilipo. Kuanzia mwaka huu tarehe 19 isomwe kama siku nyingine. Hukufanya kosa kuniletea. Barabara ikikauka mleteni mtoto, nami nitampokea nikiwa bado natetemeka, mtanivumilia.

Leo asubuhi nilikuwa nasoma Januari yangu. Mtoto wa Rebeka, Angela, wa miaka mitatu, akasimama mlangoni upande wa sikio zima akasema, "Bibi, njoo uone." Moyo ulinipiga mpaka miwani ikanidondoka. Nikainuka katikati ya neno. Nikatoka, nikiwa naogopa kuangalia kule alikokuwa ananyoosha kidole. Alikuwa jongoo, mwanangu. Jongoo mkubwa wa mvua, anavuka uwanja. Tukachuchumaa wote wawili tukamwangalia mpaka akaingia kwenye majani, na hana haraka yule mdudu. Niliporudi ndani kitabu kilikuwa wazi pale pale nilipokiacha.

Shangazi yako,
Raheli